Saratani ya ini iliyoenea: sorafenibu, lenvatinibu, dripu za kuamsha kinga, au kutotoa dawa ya saratani kabisa?

Saratani ya ini ikishaingia kwenye mshipa wa porta, ule mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, au kufika mapafuni, upasuaji hauna nafasi tena, na mara nyingi hata kuziba mishipa inayolisha uvimbe hakusaidii. Zinabaki dawa zinazozunguka mwili mzima. Miongozo ya Ulaya na Marekani inajibu haraka: anza na dripu za kuamsha kinga ya mwili. Kwenye hospitali ya rufaa ya Mwanza, Eldoret au Gulu swali haliko hivyo. Kinachoulizwa ni dawa gani itapatikana mwezi huu, mwezi wa tatu na mwezi wa sita, kwa ini alilonalo mgonjwa huyu, na kwa vipimo vilivyopo hapa.

Uzito wa swali hilo unaonekana kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukilinganisha wagonjwa wa Misri na wa nchi nyingine nane za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya miezi 10.9 baada ya kugunduliwa. Katika zile nchi nane nyingine, nusu walikuwa wamefariki ndani ya miezi 2.5. Wengi wao walikuwa watu wa miaka arobaini na kitu, walioambukizwa homa ya ini B tangu utotoni, na walifika hospitali tumbo limeshavimba. Hapo dawa bora kwenye karatasi inaweza kuwa dawa mbaya kwa mtu aliye mbele yako.

## Anza na ini, uvimbe baadaye

Takwimu zote nzuri utakazosoma hapa chini zinatokana na majaribio ya wagonjwa ambao ini lao bado lilifanya kazi vizuri, yaani Child-Pugh A. Hesabu yake haihitaji mashine kubwa. Vitu vitano, kila kimoja alama 1 hadi 3:

- Bilirubini: chini ya 34 µmol/L ni 1, 34–50 ni 2, zaidi ya 50 ni 3.
- Albumini: zaidi ya 35 g/L ni 1, 28–35 ni 2, chini ya 28 ni 3.
- INR (kipimo cha damu kuganda): chini ya 1.7 ni 1, 1.7–2.3 ni 2. Zaidi ya hapo ni 3.
- Maji tumboni: hakuna ni 1; kidogo, au yanayodhibitiwa na dawa, ni 2; mengi ni 3.
- Kuchanganyikiwa kunakotokana na ini: hakuna ni 1, kidogo ni 2, usingizi mzito au kupoteza fahamu ni 3.

Jumla ya 5–6 ni A, 7–9 ni B, 10–15 ni C. Utafiti wa GIDEON, uliofuatilia watumiaji wa sorafenibu katika kliniki za kawaida, ulionyesha tofauti hii waziwazi: nusu ya wenye A waliishi zaidi ya miezi 13.6, wenye B miezi 5.2, wenye C miezi 2.6. Dawa ilikuwa ileile.

Hesabu hii ina mitego. Mgonjwa wa VVU anayetumia atazanaviri hupanda bilirubini kwa sababu ya dawa yenyewe, si kwa sababu ini limechoka. Ukimhesabu bila kuangalia bilirubini ya moja kwa moja unaweza kumshusha kutoka A hadi B bure. Anayetumia warfarini ana INR ya juu isiyosema lolote kuhusu ini. Macho ya njano yanayotokana na uvimbe kubana njia ya nyongo yanaweza kurekebishwa kwa mrija, kisha alama zihesabiwe upya. Na anayekunywa spironolaktoni hadi tumbo likakauka bado anapata alama 2 za maji, si 1. Kosa hili la mwisho ndilo linalojirudia sana kwenye mafaili.

Kando ya alama hizo, angalia anavyojimudu. Anayelala zaidi ya nusu ya mchana, na sababu yake haitibiki kama malaria, upungufu wa damu au usaha tumboni, hafai kuanzishwa dawa yoyote kati ya nne zinazofuata.

## Nne kwa pamoja

| | Sorafenibu | Lenvatinibu | Atezolizumabu + bevasizumabu | Tremelimumabu + durvalumabu |
|---|---|---|---|---|
| Umbo | Vidonge vya mg 200 | Kapsuli za mg 4 | Dripu mbili | Dripu mbili |
| Dozi kamili | mg 400 asubuhi na jioni | mg 12 kwa siku (kilo 60 na zaidi). Mg 8 (chini ya kilo 60) | mg 1,200 + mg 15 kwa kila kilo, kila wiki 3 | mg 300 mara moja tu + mg 1,500 kila wiki 4 |
| Kiasi | Vidonge 120 kwa siku 30 | Kapsuli 90 au 60 kwa siku 30 | Kila mzunguko: kichupa 1 + mg 900 kwa mtu wa kilo 60 | Kila mzunguko: vichupa 3 vya mg 500 |
| Nusu waliishi zaidi ya | Miezi 10.7 (dawa bandia 7.9) | Miezi 13.6 (sorafenibu 12.3) | Miezi 19.2 (sorafenibu 13.4) | Miezi 16.4 (sorafenibu 13.8) |
| Kisichokwepeka | Kukagua ngozi, presha, INR | Presha, protini kwenye mkojo | Kamera ya umio kabla ya kuanza | TSH (kipimo cha tezi ya shingo), vimeng'enya vya ini, sukari |

Usisome mstari wa miezi kama msimamo wa ligi. Tazama sorafenibu peke yake: mwaka 2008 ilitoa miezi 10.7, na zaidi ya miaka kumi baadaye kidonge kilekile kilitoa 13.4. Dawa haikubadilika, waliobadilika ni wagonjwa walioingizwa kwenye majaribio na tiba walizopata baadaye. Linganisha kila dawa na mwenzake wa jaribio moja tu. Ukifanya hivyo utaona lenvatinibu haikuishinda sorafenibu kwa uhai; ilithibitishwa kuwa si duni kuliko hiyo. Mchanganyiko wa atezolizumabu na bevasizumabu ndio ulioishinda kwa tofauti kubwa.

## Sorafenibu

Ndiyo dawa iliyozoeleka zaidi, na matoleo ya jeneriki yaliishusha bei kwa kiasi ambacho dripu hazijafikia. Kisa cha India kinafaa kukumbukwa kila mtu anapodai bei ya dawa haijadiliki. Machi 2012 serikali iliipa kampuni ya dawa ya Natco leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kuitengeneza bila idhini ya mwenye hataza, na mfuko wa mwezi mmoja ukashuka kutoka takriban rupia 280,000 hadi rupia zisizofika 9,000. Sehemu kubwa ya sorafenibu ya jeneriki inayofika kwetu inatoka hukohuko.

Jaribio lililo karibu zaidi na wagonjwa wetu ni la Asia na Pasifiki la 2009, ambapo wengi walikuwa na homa ya ini B. Huko faida ilikuwa miezi 6.5 dhidi ya 4.2. Familia iambiwe namba hiyo, si ile ya Ulaya iliyo kwenye jedwali. Iambiwe pia kwamba uvimbe kusinyaa ni nadra, kama wagonjwa 2 kati ya 100. Dawa inachelewesha tu.

Kuanza. Kwenye karatasi ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Kwa mgonjwa aliyekonda, anayeishi mbali na kliniki, tunapendelea kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa wiki mbili, kisha kupanda kama ngozi na tumbo vimekubali. Kumbukumbu za maveterani wa Marekani zaidi ya 4,900, zilizochapishwa 2017, hazikuonyesha kwamba walioanza na dozi ndogo waliishi muda mfupi zaidi baada ya kusawazisha hali zao, na gharama ilikuwa ndogo. Mwezi wa kwanza utahitaji vidonge visivyozidi 92 badala ya 120, na mgonjwa hatakimbia dawa wiki ya pili kwa sababu ya nyayo.

Chakula. Mlo wenye mafuta mengi hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini kwa karibu asilimia 30. Imezwe saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Nyumba nyingi hula chakula cha usiku saa mbili, hivyo dozi ya jioni iwe saa kumi na mbili. Akishindwa kabisa na tumbo tupu, uji usio na maziwa au chai ya rangi na kipande cha mkate havina madhara. Supu ya kongoro na chapati ndivyo vya kuepuka.

Nyayo na viganja. Tatizo hili huanza kati ya wiki ya pili na ya sita. Vitabu vinaeleza wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi na ngumu pale mguu unapobeba uzito, kisigino na chini ya kidole gumba, ikiuma kama imeungua, halafu inapasuka. Kabla ya kuanza dawa, sugu za miguu zikwanguliwe. Krimu ya urea ya asilimia 10 ipakwe mara mbili au tatu kwa siku tangu siku ya kwanza, si baada ya kuumia. Jaribio la 2015 lilionyesha inapunguza tatizo. Ndala ngumu ziachwe, soksi za pamba zivaliwe, maji ya moto yaepukwe. Akishindwa kutembea, simamisha dawa hadi wiki moja, kisha rudi kwa nusu ya dozi. Kuacha kabisa kwa sababu ya nyayo ni kupoteza dawa ambayo huenda ilikuwa inafanya kazi.

Kifua kikuu na VVU. Rifampisini huishusha sorafenibu mwilini kwa asilimia 37. Efavirensi nayo inachochea uvunjaji wake. Dolutegraviri haina shida hiyo, na wengi wameshahamia huko.

## Lenvatinibu

Dozi hufuata uzito, na hapa kuna jambo la fedha watu hulipita: mgonjwa wa kilo 55 anahitaji kapsuli mbili tu kwa siku. Kwa hiyo bei iulizwe kwa siku ya matibabu, isiulizwe kwa kasha. Mara kadhaa lenvatinibu ya mtu mwepesi hukaribiana na sorafenibu ya dozi kamili. Mpime baada ya maji ya tumbo kutolewa. Mtu wa kilo 63 mwenye lita sita tumboni si mtu wa kilo 63, na kumpa mg 12 ni kumtafutia presha na kuchanganyikiwa.

Inamezwa mara moja kwa siku, na chakula au bila chakula. Rifampisini huigusa kidogo mno, hivyo ndiyo tunayoichagua kwa aliye kwenye dawa za TB, mradi vimeng'enya vya ini vinafuatiliwa kwa sababu dawa za TB zenyewe zinaweza kulijeruhi ini.

Mtihani wake ni presha. Katika jaribio la REFLECT la 2018, lililoilinganisha na sorafenibu, asilimia 42 ya waliotumia lenvatinibu walipata presha, na kwa zaidi ya nusu yao ilikuwa ya juu kweli. Ishushwe kabla ya kuanza. Pima baada ya wiki moja, kisha kila wiki mbili kwa miezi miwili, kisha kila mwezi. Kituo cha afya cha karibu kinatosha kwa kazi hii. Mgonjwa abebe daftari. Ikifika 140/90, anza amlodipini mg 5. Ikifika 160/100 ilhali anatumia dawa za presha, simamisha lenvatinibu hadi ishuke, kisha rudi ngazi moja chini: 12, 8, 4, halafu 4 siku moja ikipita.

Kila ziara, kijiti cha mkojo. Protini ya 2+ inahitaji kupimwa kwa uwiano wa protini na kreatinini au mkojo wa saa 24. Ikifika gramu 2 kwa siku, dawa isubiri. Kumbuka wagonjwa wa homa ya ini B wanatumia tenofoviri, ambayo nayo huweza kuziumiza figo, kwa hiyo kreatinini isiachwe. TSH ipimwe kila mwezi au miwili: uchovu unaodhaniwa kuwa wa saratani mara nyingine ni tezi ya shingo iliyolala, na levothairoksini ni dawa ya bei nafuu.

Sorafenibu na lenvatinibu zote mbili hurefusha muda wa QT kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), jambo linaloweza kuvuruga mapigo, na dawa ya mseto ya malaria yenye lumefantrini inaweza kuongeza kidogo. Malaria itibiwe bila kuchelewa, ila aliyekuwa anaharisha apimwe potasiamu kwanza, na ECG ifanyike kama mashine ipo.

## Kati ya hizo mbili

Fundi cherehani, mkulima wa jembe, mama ntilie: viganja vyao ndiyo riziki. REFLECT ilikuta tatizo la viganja na nyayo kwa asilimia 52 ya waliotumia sorafenibu na 27 ya lenvatinibu. Hao tunawaanzishia lenvatinibu kama presha inaruhusu.

Mgonjwa mwenye presha sugu inayohitaji dawa tatu, au anayeishi mahali ambapo hakuna wa kumpima kila wiki mbili, abaki na sorafenibu. Vivyo hivyo ambaye uvimbe umeziba shina kuu la mshipa wa porta au umejaza zaidi ya nusu ya ini: watu wa namna hiyo hawakuingizwa REFLECT kabisa, na kuwapa lenvatinibu kwa kutegemea namba za jaribio hilo ni kubahatisha. Aliyekwisha kukonda sana afikiriwe mara mbili pia, kwa kuwa lenvatinibu huua hamu ya kula na kupunguza uzito zaidi ya mwenzake.

Kwa waliobaki, hoja ya kuamua ni ipi itapatikana mfululizo. Jeneriki iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, yaani TMDA ya Tanzania, PPB ya Kenya au NDA ya Uganda, yenye namba ya toleo inayosomeka, inashinda kasha zuri lililoletwa na ndugu ndani ya begi bila risiti. Uvimbe unapopungua kidogo kwa lenvatinibu (asilimia 24 dhidi ya 9), maumivu ya ubavu nayo huweza kupungua, na hiyo inatufanya tuipendelee pale bei zinapolingana.

## Dripu: nani kweli anaweza kunufaika

Atezolizumabu na bevasizumabu ni tiba nzuri kuliko vidonge. Hilo si la kubishana. La kubishana ni kama hospitali yako inaweza kuitoa bila kumuua mtu.

Bevasizumabu huchokoza damu kutoka kwenye mishipa iliyovimba ya umio. Jaribio la mchanganyiko huu, IMbrave150, lilidai kila mgonjwa awe amefanyiwa kamera ndani ya miezi sita kabla ya kuanza, na mishipa hatarishi itibiwe kwanza. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria na kaskazini-magharibi mwa Uganda kuna sababu ya ziada. Kichocho cha tumbo husababisha mishipa mikubwa ya umio kwa mtu ambaye ini lake bado linafanya kazi barabara. Albumini 40, bilirubini 12, Child-Pugh A5, anaonekana mgombea kamili wa dripu, kumbe umio una mishipa minene kama kidole. Kwa maeneo hayo, bila kamera hakuna bevasizumabu. Mishipa ikikutwa, ifungwe kwa mipira na karvediloli au propranololi ianzishwe. Dripu isubiri hadi vidonda vya kufunga vipone.

Kwa mtu wa kilo 60, bevasizumabu ni mg 900: vichupa viwili vya mg 400 na kimoja cha mg 100, vikichanganywa na salini ya 0.9% na kamwe si dekstrosi. Matoleo ya nakala ya bevasizumabu yapo na yamepunguza sehemu hiyo ya gharama. Atezolizumabu ndiyo ghali. Vyote hukaa nyuzi 2 hadi 8 na havigandishwi. Friji ya famasia yenye umeme wa kukatika inahitaji kipimajoto chenye kumbukumbu, la sivyo hutajua kilichotokea usiku. Mwaka mzima ni takriban safari 17.

Tremelimumabu na durvalumabu hazina bevasizumabu, hivyo hazidai kamera kwa namna ileile. Katika jaribio la HIMALAYA asilimia 30.7 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya 20.2 kwa sorafenibu. Lakini mmoja kati ya watano alihitaji steroidi za dozi kubwa kwa sababu kinga iliyoamshwa ilishambulia utumbo, ini, mapafu au tezi. Wodi isiyo na mtu wa kutambua kuhara kwa namna hii siku ya kwanza, na kuanza prednisoloni mg 1–2 kwa kilo badala ya metronidazoli tu, isianze tiba hii. Durvalumabu peke yake haikuwa duni kuliko sorafenibu na ni mpole zaidi. Pale inapopatikana kwa msaada, ni chaguo la heshima kwa mwenye mishipa ya umio.

Watu wanaoishi na VVU hawakuingizwa kwenye majaribio haya. Aliyedhibiti virusi hakatazwi, ila uamuzi uwe wa jopo. Uchunguzi wa TB ufanyike kwa wote kabla ya dripu ya kwanza.

Kanuni yetu kuhusu fedha: dripu zisianze kama bima, mradi wa msaada au familia haijathibitisha angalau mizunguko minne. Familia inayouza shamba kwa mizunguko miwili, kisha ikakwama, imepoteza shamba, na hakuna aliyejifunza kama dawa ilikuwa inafanya kazi. Fedha hizohizo zingelipia miezi mingi ya vidonge.

## Zisizostahili fedha yako

Doksorubisini bado inaandikwa kwa sababu ipo kwenye kabati. Haijathibitishwa kurefusha maisha katika saratani hii, na kuiongeza juu ya sorafenibu kulizidisha madhara bila faida. FOLFOX, mseto wa dripu za kemotherapi, ilipambanishwa na doksorubisini barani Asia: miezi 6.4 dhidi ya karibu 5, tofauti ambayo haikuthibitika kitakwimu kwenye uchambuzi mkuu. Anayekosa vidonge kabisa, mwenye ini zuri na umri mdogo, anaweza kujadiliwa kuhusu FOLFOX, kwa macho wazi. Tamoksifeni isiandikwe kabisa. Kwa dozi kubwa wagonjwa walifariki mapema zaidi.

Dawa za mstari wa pili, za kutumia ya kwanza ikishindwa, tuzipite haraka. Regorafenibu ni kwa aliyeweza kuvumilia sorafenibu isiyopungua mg 400 kwa siku. Kabozantinibu na ramusirumabu ni nadra kupatikana. Aliyeanza na dripu ana bahati: akishindwa, sorafenibu au lenvatinibu bado zinamsubiri.

## Tenofoviri kwa kila mwenye HBsAg

Kidonge hiki cha mg 300 kwa siku ndicho cha bei ndogo kuliko vyote kwenye makala hii, na ndicho kinachosahaulika. Kila mgonjwa apimwe HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha homa ya ini B, na mwenye virusi aanze tenofoviri au entekaviri kabla au pamoja na dawa ya saratani, bila kusubiri majibu ya wingi wa virusi yanayochukua wiki. Virusi vikilipuka, Child-Pugh A huwa C ndani ya mwezi, na dawa ya saratani hupewa lawama isiyo yake. Mwenye VVU anayetumia TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwenye kidonge kimoja) tayari anapata tenofoviri. Kosa ni kumhamishia mseto usio nayo. Lamivudini peke yake isitumike.

## Ufuatiliaji na kuacha

CT kila wiki 8 hadi 12 ndiyo sahihi. Isipopatikana, ultrasaundi ya mpimaji yuleyule, AFP (kipimo cha damu cha saratani ya ini), uzito na alama za Child-Pugh vinatosha kuamua. Punguza dozi kwa madhara; acha dawa kwa uvimbe unaokua waziwazi, ini lililoshuka hadi B8 au C, au mgonjwa aliyebaki kitandani. Kuendelea kununua sorafenibu kwa mtu mwenye macho ya njano na tumbo lililojaa ni kuitoza familia bila kumsaidia mgonjwa.

## Kutotoa dawa ya saratani

Kwa Child-Pugh C, kwa B wengi, na kwa anayelala mchana kutwa, hili ndilo chaguo sahihi, na lina dawa zake.

Maumivu ya ubavu wa kulia: parasetamo isizidi gramu 2 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni hapana, kwa sababu ya figo na damu. Deksamethasoni mg 4 hadi 8 asubuhi hupunguza mvutano wa gamba la ini, ila iwe kwa muda mfupi, na mwenye HBsAg awe tayari yuko kwenye tenofoviri. Palipo na mashine ya mionzi, dozi moja ya Gy 8 kwenye ini inastahili kuombwa: jaribio la Kanada lililochapishwa 2024 lilikuta maumivu yamepungua kwa asilimia 67 ya waliopigwa mionzi dhidi ya 22 ya wasiopigwa, mwezi mmoja baadaye. Ni siku moja ya safari.

Maji tumboni: spironolaktoni mg 100 na furosemidi mg 40, na kupunguzwa kwa sindano yanapobana pumzi. Ikitolewa zaidi ya lita 5, albumini gramu 8 kwa kila lita. Isipokuwepo, toa kidogo kidogo, lita chache kwa ziara.

Mofini ya maji ndiyo nguzo. Uganda imeitengeneza nchini kwa miaka mingi, na tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuiandika, jambo ambalo majirani bado wanaweza kuliiga. Kwa ini lililochoka anza na mg 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 6, si saa 4, na uangalie usingizi. Laktulosi iandikwe kwenye cheti hichohicho cha mofini, mililita 15 hadi 30 mara mbili kwa siku, hadi apate choo laini mara mbili au tatu. Kufunga choo kwa siku tatu kwa mgonjwa wa ini huleta kuchanganyikiwa, na nyumbani watadhani ni mofini, wataimwaga, na maumivu yatarudi usiku huohuo.